Asubuhi Tuliyokataa Kutaja Majina

Mmekuja kwangu na swali moja, nami nimewatazama mkiligombania hapo uani mpaka chai ikapoa. Kikundi chenu cha wahudumu wa afya kinatafuta programu ya simu ya kuzungumzia wagonjwa. Nusu yenu mnataka ile ya kijani, nusu mnataka ile ya buluu, na kijana mmoja mwenye kofia amenigeukia akasema, "Nyanya, mambo yenu yalikuwa ya kitambo. Siku hizi meseji zinafungwa, hata kampuni yenyewe haiwezi soma." Nimekusikia, mwenye kofia. Simu ninayo, na habari za meseji kufungwa nazijua. Lakini miaka yote ile ya tisini nilikaa mbele ya redio ya zahanati hapa Voi, na kabla sijawaambia kijani au buluu mtanisikiliza kwanza, mpende msipende.

Mradi wetu ulikuwa na zahanati ndogo ndogo zilizotawanyika: Rukanga chini ya mlima Kasigau, Mahoo upande wa Taveta, Werugha kule juu kwenye ukungu, na nyingine. Simu za waya zilikuwa chache, na pale zilipofika zilipitia kwa opereta ambaye masikio yake yalikuwa mazuri kuliko ya hospitali nzima. Kwa hiyo kila kituo kilipewa redio ya kuitana, betri ya gari, na waya mrefu uliofungwa juu kati ya milingoti miwili. Mimi nilikuwa makao makuu, kwenye chumba cha mabati karibu na stesheni, chenye joto la kuokea mkate. Kila asubuhi niliita kituo kimoja kimoja, nao walinijibu: dawa gani imeisha, nani anahitaji gari, nani anatakiwa kurudi kliniki. Ukimaliza zamu yako ya kusema unatamka "ova", mwenzako ajue ni zamu yake. Ndiyo maana watoto wa mtaa waliniita Mama Ova. Wengine wao sasa ndio baba zenu.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Salim, Mungu amrehemu. Wazee wake walitoka pwani wakafungua duka hapa Voi zamani, naye akaliacha duka kwa ndugu zake, akashika nyaya. Hakuna redio aliyoshindwa kuifufua. Siku yangu ya kwanza aliniketisha, akaninyooshea kidole. "Mwanangu, ukibonyeza kitufe usiseme papo hapo. Vuta pumzi kwanza. Chombo chataka muda wa kuamka, nawe wataka muda wa kufikiri." Kweli, ukisema haraka neno la kwanza linaliwa. Kisha akaongeza, "Na ukilitaja jina la mtu, litaje kana kwamba mwenyewe kasimama nyuma ya kiti chako." Hilo la pili nilidhani ni adabu tu za watu wa pwani. Nilichelewa kuelewa kwamba lilikuwa sehemu ya ufundi.

Tatizo la redio ile ni kwamba haikuwa na siri hata chembe. Mashamba ya mkonge yalikuwa na redio kama zetu, ranchi zilikuwa nazo, hoteli za mbugani pia, na wote walisikia kila tulichosema. Karibu na Rukanga kulikuwa na ranchi iliyoweka redio yake kwenye kantini ya wafanyakazi. Watu waliagiza chai, wakavuta viti, wakasubiri kipindi cha zahanati. Nasema kipindi kwa sababu ndivyo walivyokiita. Mgonjwa alikuwa hajafika nyumbani kwake, na kantini ilishajua ana nini na amepewa vidonge vya rangi gani.

Lakini msinielewe vibaya. Masikio hayo hayo yaliokoa watu. Kuna mama alikuwa akijifungua Rukanga, mambo yakaharibika, na gari letu lilikuwa limekwama kwenye matope upande wa Taveta. Nikaita, nikaita tena, na kabla sijamaliza pikapu ya ranchi ilikuwa imeshawashwa. Wale wanywa chai walimbeba mama yule kwa mikono yao, wakamfikisha hospitali na mtoto tumboni. Mtoto huyo leo ni bonge la mwanamume na ana maneno mengi. Kwa hiyo nikiwasikia mkisema kila kitu kifungwe, kifungwe, nawauliza: na siku ya kuomba msaada je?

Tuliwahi kujaribu ujanja. Dereva wetu wa ambulensi aliitwa Odhiambo, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na nesi wa Mahoo alikuwa Sista Atieno. Tukasema, hao wawili waongee Kijaluo, tuone nani atawaelewa katika nchi ya Wataita. Tulijiona wajanja sana. Odhiambo akakaa kwenye kiti changu, akaongea na Sista Atieno kwa raha zake juu ya mzee mmoja mwenye tatizo la haja ndogo. Walipomaliza, sauti nzito ikaingia hewani kutoka shamba la mkonge, kwa Kijaluo kizuri kuliko chao, ikimpa mzee pole na kueleza mizizi ya kuchemsha. Alikuwa Okello, karani wa redio wa shamba. Tulisahau kwamba reli na mkonge ndivyo vilivyojaza Voi watu wa kutoka magharibi! Fundi Salim alicheka mpaka akatoka nje kupunga upepo.

Sasa niwaambie habari ya Mghoi, maana ndiyo iliyofanya niwe mkaidi mpaka leo.

Mkuu wa mradi wetu alikuwa Bwana Mwadime. Hakuwa mtu mbaya. Aliweka sheria kwamba kila mgonjwa atajwe redioni kwa jina kamili, kazi yake na kijiji chake, na alikuwa na sababu. Kabla ya sheria hiyo Mwakio mmoja alipewa dawa za Mwakio mwingine, akaponea chupuchupu, na Bwana Mwadime ndiye aliyekaa na familia kando ya kitanda cha mgonjwa. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Nami nilisoma majina kama alivyotaka, kila asubuhi, kama ninavyosoma bei ya nyanya.

Mghoi alikuwa fundi wa kushona Rukanga, mwanamke kijana mwenye cherehani yake kibarazani. Akashikwa na kikohozi kisichoisha. Sista Wakesho, nesi wa pale, akamtuma Voi apigwe picha ya kifua, naye akapigwa, akarudi kwake. Picha ikatoka na ukungu, haisomeki. Siku hiyo mimi nilikuwa Werugha kwenye mazishi ya shangazi yangu, na Bwana Mwadime mwenyewe akashika redio. Akasema Mghoi, fundi wa kushona wa Rukanga, arudi Voi apigwe picha ya kifua tena. Basi. Hakusema zaidi ya hapo.

Nyinyi hamkuwapo miaka ile. Mtu akikohoa na kukonda kidogo, hukumu ilishatoka: ana Ukimwi. Na hilo neno "tena" ndilo lililommaliza. Kabla Sista Wakesho hajatembea kutoka zahanati hadi kibarazani kwa Mghoi, watu wa kantini walishatangulia. Wenye vitambaa walikuja kuvichukua bila kushonwa. Mama mmoja alikuta sare ya mwanawe imekwisha kupigwa pasi, akaiacha pale pale, hakutaka hata kuigusa. Na nyumbani, mama mkwe wake akamtengea kikombe chake peke yake.

Alikuja Voi, akapigwa picha ya pili, na kutoka hospitali akaja moja kwa moja kwenye chumba changu. Alisimama mlangoni na leso yake, hakukaa nilipomwonyesha kiti.

"Wewe ndiye Mama Ova?"

"Ndiye mimi."

"Kifua changu ni kizima. Daktari amesema ni vumbi la vitambaa. Sasa hiyo pia utaitangaza?"

Nikamwuliza kama anataka niitangaze.

"Sitaki utangaze kitu. Nataka kujua nani aliwapa jina langu. Mimi nilimpa Sista makohozi. Sikumpa jina langu mlipeleke kantini."

Nilianza kueleza habari ya sheria, na Mwakio wawili, na dawa zilizochanganywa. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kama ni lazima niitwe, si mngeniuliza niitwe nani?" Akaenda kulala kwa jamaa yake mjini akingoja gari la kurudi Rukanga. Mimi nilibaki na swali lake, na niliona aibu, tena aibu yenye hasira ndani yake.

Kesho yake ulikuwa mkutano wetu wa kila mwezi, manesi wote wako Voi, na Bwana Mwadime alikuwa ameleta mgeni. Malalamiko yalikuwa yamemfikia naye, na alitaka kuchagua chombo cha mawasiliano kilicho salama. Mgeni alikuwa muuzaji kutoka Nairobi, tai shingoni katika joto la Voi, na mkononi kisanduku cheusi. Ukikifunga kwenye redio kinavuruga sauti, na asiye na kisanduku kama hicho hasikii ila mlio wa uji unaochemka. Alituonyesha. Kilifanya kazi vizuri sana, siwezi kukisingizia. Bwana Mwadime alitabasamu kama mtu aliyetua mzigo.

Fundi Salim akauliza taratibu, "Chamzuia nani, bwana?"

"Kila mtu asiyekuwa nacho."

"Hata ranchi?" akauliza Sista Wakesho.

"Hata ranchi, madam."

"Basi siku gari lenu liko Taveta na mtu anatokwa na damu mbele yangu, nitamlilia nani?"

Muuzaji akasema kuna kitufe, unabonyeza, sauti inafunguka. Sista Wakesho akainua mikono yake yote miwili, akamwuliza kama kitufe hicho kinabonyezwa kwa kidole cha mguu.

Hapo nikasimama. Nikasema kisanduku kitafunga hewa, sawa, lakini je, benchi? Maana katika kila zahanati redio ilikuwa na spika, na benchi la wagonjwa lilikuwa pale pale mlangoni. Yule aliyeleta mtoto kuchanjwa anasikia, mlinzi anasikia, muuza maziwa anasikia. Kisanduku kitamzuia mwenye ranchi kusikia jina la Mghoi, na jirani wa Mghoi atalisikia akiwa amekaa kwenye benchi letu. Nikasema chombo si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni tuache kubeba majina ya watu bila kuwauliza.

Bwana Mwadime hakupaza sauti. "Mkawasi, kazi yako ni kubonyeza kitufe na kusema ova. Kuchagua chombo ni kazi yangu. Mpaka visanduku vifike, kesho utasoma majina kama kawaida. Ukishindwa, niachie funguo mezani."

"Sitasoma," nikasema. "Na funguo sitakuachia."

Mkutano ukaisha hivyo, vibaya, manesi wakapanda gari kurudi vituoni. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyeniambia uko sawa. Nikaenda nyumbani, kwenye watoto wa shule na mume ambaye reli ilikuwa imempunguza kazini, nikamweleza. Mume wangu akaniuliza kama ugali unatosha. Huo ndio ushauri niliopata.

Asubuhi nilifika mapema. Mghoi alikuwapo, amekuja kungoja gari, maana la jana lilijaa manesi, na kwa kuwa nje jua lilishaanza ukali wake, alisogea ndani akasimama nyuma ya kiti changu. Bwana Mwadime akaja, akaniwekea mezani karatasi yenye majina ya siku hiyo, akabaki mlangoni amekunja mikono. Nikabonyeza kitufe. Nikavuta pumzi.

"Vituo vyote, hapa ni Voi. Leo Voi haitaji jina la mgonjwa. Anayehitaji gari aseme gari, anayehitaji dawa aseme dawa. Majina hatuyataji mpaka wenyewe waulizwe. Ova."

Redio ikanguruma peke yake. Sijawahi kuogopa ngurumo ile kama siku hiyo. Nilishaanza kuwaza nitauza nini sokoni. Kisha ikaja sauti ya Sista Wakesho, kavu kama kawaida yake: "Voi, hapa Rukanga. Tunahitaji dawa ya malaria. Majina hakuna. Ova."

"Voi, hapa Mahoo. Majina hakuna. Ova."

"Voi, hapa Werugha. Hata huku hakuna. Ova."

Wakaja wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisema hivyo hivyo, na ranchi zote na mashamba yote na kantini zote zilikuwa zinasikia. Ule ubaya wa redio yetu, kwamba haina siri, siku hiyo ndio uliotubeba. Mwishoni akaingia mtu ambaye hakuitwa.

"Voi, hapa shamba la mkonge, ni Okello. Sisi si watu wa mradi wenu. Lakini hata sisi huku tumechoka kujua. Ova."

Nililia, nakubali. Bwana Mwadime akaingia chumbani, nikajua anakuja kuninyang'anya kipaza sauti. Akasimama mbele ya Mghoi, akamwuliza kwa upole kama anasubiri daktari.

"Nasubiri gari," akasema. "Mimi ndiye yule wa picha ya kifua."

Bwana Mwadime alikuwa hajawahi kumwona. Alimtazama, akaitazama karatasi yake mezani, akaikunja na kuitia mfukoni. Alimwambia Odhiambo ampakie Mghoi kiti cha mbele. Habari ya funguo hakuitaja tena mpaka nilipostaafu.

Kuanzia mwezi huo kila mgonjwa aliyehitaji kusemwa redioni alichagua mwenyewe jina la kuitwa hewani. Nesi alimnong'oneza swali hilo chumba cha ndani, mgonjwa akachagua, na jina likaandikwa kwenye kadi aliyoibeba yeye. Akifika Voi ananionyesha. Bwana Mwadime alipoona hakuna tena Mwakio wawili wa kuchanganywa, kwa kuwa hakuna mtu anayejichagulia jina ambalo mwenzake keshalichukua, aliitetea njia hiyo kwa wakubwa zake kuliko hata mimi. Visanduku vilikuja, vilishalipiwa. Kimoja tulikitumia kuzuia mlango wa stoo usipigwe na upepo, na kwa kazi hiyo kilikuwa imara.

Mtadhani watu wa vijijini hawakujali. Walijali mno! Bibi mmoja wa Werugha alitoa jina la ng'ombe wake aliyekufa. Mzee mmoja akajiita Meneja, na asubuhi moja nikatangaza kwamba Meneja ana minyoo na aje na choo kwenye kopo. Simu ya ofisi ililia siku nzima, kila shamba la mkonge likitaka kujua ni meneja wa wapi.

Sasa turudi kwenye kijani na buluu. Chukueni ile inayofunga vizuri, sikatazi kufuli. Lakini nimewaona mkiweka simu mezani uso juu, na kioo kinawaka jina la mgonjwa mbele ya nani na nani. Hilo ndilo benchi letu lile lile. Nimewasikia mkisema kuna mwenzenu aliyehamia Malindi tangu mwaka jana na bado yumo kwenye kikundi anasoma. Na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia mmewauliza wagonjwa. Mkishawauliza, rudini, tutazungumza habari ya rangi. Na mkubwa wenu akiwaambia kazi yenu ni kubonyeza tu, mwambieni Mama Ova amekataa.

Jambo moja la mwisho. Nilipojua mnakuja, nilimpigia simu yule mwanamke. Yuko hai, ana wajukuu. Nikamwomba ruhusa ya kuwasimulia, naye akanipa. Nikamwuliza, nikuite nani? Akacheka, akafikiri kidogo, akasema, "Niite Mghoi. Na uniweke fundi wa kushona, siku zote nilitamani cherehani." Kwa hiyo msisumbuke kwenda kumtafuta Rukanga. Kijiji nacho alikichagua yeye.